Mtufaha wa Yustina

"Hivi Mama Lutengano, nikitangulia mimi, huu mti wangu utakuwa dawa ya nani?"

Yustina aliuliza hivyo Juni moja, yeye na Damari wamesimama kila mtu upande wake wa ua wa mianzi, wanapukuta majani ya mitufaha yao. Aliuliza huku mdomo umejaa kiazi cha kuchoma, ndiyo maana Damari hakuliona kama swali la kujibiwa. Alimwambia asimwite mgeni ambaye hajapiga hodi. Yustina akacheka, akakung'utia majani kwenye tenga, wakaendelea na kazi. Sakitu ilikuwa bado imelala nyeupe kwenye nyasi, na kila jani ulilolichuma liliacha baridi yake kwenye ncha ya kidole.

Sasa Juni nyingine ilikuwa imefika. Yustina alikuwa amelala nyuma ya kanisa, chini ya udongo ambao bado haujashuka sawasawa, na swali lake lilikuwa limebaki pale uani kama mgeni aliyesahau kuaga.

Jumapili hiyo mzee wa kanisa alisimama baada ya sadaka kusoma matangazo, na la mwisho lilikuwa lile linalosubiriwa kila mwaka: Jumamosi ijayo kijiji kizima cha Ilundamba kitapukuta mitufaha. Watu wakaitikia kwa vichwa. Hapo ndipo Elikana Chaula, mume wa marehemu, aliponyanyuka kwenye benchi la wanaume, kofia yake ya sufu ameikunja mikononi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wa kwake hautapukutwa. Hakutoa sababu. Akakaa.

Hakuna aliyegeuka kumtazama Elikana. Waligeuka kumtazama Damari. Kila mtu mle ndani alijua kwamba mtufaha wa Elikana usipopukutwa ukalala, wa Damari hautazaa. Na wa Damari usipozaa, mdogo wake Tusekile atauingia mwaka bila dawa ya kifafa. Damari alifungua kitabu cha nyimbo ukurasa usio wenyewe, akaimba na wenzake bila kusoma.

*

Ilundamba imekaa mgongoni mwa mlima, kule juu Makete, mahali ambapo mtu hujifunika blanketi mwezi ambao wenzake wa tambarare wanalala nje. Miaka ile vidonge vilipoacha kupanda mlima, kwanza vya presha, kisha vya kifafa, kisha vyote, watu wa pale walizika mpaka wakazoea. Ndipo kikaja kitalu. Kilijengwa kwenye shamba la zamani la pareto, na wataalamu wake wakaja na kitu ambacho wazee walikiita uchawi wenye leseni: mti unaozaa dawa ndani ya tunda. Inasemekana wangeweza kuuweka uchawi huo kwenye mpera au kwenye mpapai, lakini wakachagua mtufaha, kwa kuwa mtufaha unaipenda baridi ile, na kwa kuwa tunda lake likikatwa vipande na kukaushwa linakaa mpaka msimu mwingine.

Damari na Yustina walikwenda kuchagua siku moja. Yustina alikuwa na presha. Damari alikuwa amefiwa na mumewe, mwanawe Lutengano yuko mbali kikazi, naye amemchukua mdogo wake Tusekile kukaa naye, kwa sababu Tusekile alikuwa ameanguka kwenye mafiga, moto umemla mkono na upande wa taya, na mume aliyekuwa naye akaona hiyo si sura aliyooa.

Mama shamba wa kitalu aliwapitisha kati ya mistari ya miche akiwakataza kuchagua kwa macho. Mche mrefu wenye majani mengi, alisema, ni kama bwana harusi mwenye suti ya kuazima, waangalie miguu. Mti wa uwanjani uwe umebebeshwa, yaani umeunganishwa juu ya mzizi wa aina fupi, ili ukikua mtu auchume bila ngazi. Pale palipounganishwa pabaki juu ya udongo, la sivyo sehemu ya juu itatoa mizizi yake yenyewe na mti utapaa mpaka ushindane na bati. Akawauliza maji ya mvua yanatuama wapi kwenye nyua zao, jua la asubuhi linaanzia wapi, na baridi inalala wapi, maana baridi nayo hutiririka kama maji ikatafuta shimo, na mti unaochanua ndani ya shimo la sakitu hutoa maua ya kutazama tu. Walimjibu yote bila kufikiri. Mtu anayefagia uwanja wake mwenyewe kila alfajiri, miguu yake inajua baridi inalala wapi.

Kisha mama shamba akawaambia jambo ambalo ndilo lililowafunga. Mtufaha haujitoshelezi kama mpera. Ua lake linataka chavua ya mtufaha wa aina nyingine, uliochanua siku zilezile, mahali ambapo nyuki anafika bila kupeperushwa na upepo. Na mti wa tiba una masharti zaidi. Ili dawa ya mtu isitangetange milimani, kila mche hulelewa kitaluni na mwenzake mmoja, ukajifunza kupokea chavua ya huyo tu. Ya mwingine yeyote unaitema. Kwa hiyo miche ilitolewa jozi kwa jozi. Nyumba zao mbili zilikuwa za mwisho pale ukingoni, hazina jirani mwingine ila korongo, basi wakachukua jozi: mwekundu wa Yustina, wa kijani wa Tusekile. Yustina alisema hajawahi kuona ndoa isiyo na wakwe kama hiyo.

Miche iliposhika, mama shamba alikuja akapachika kwenye kila shina, usawa wa kifua, kitu walichokiita kiganja. Kilikuwa kipande laini cha kahawia, kama sikio la ndama, kilichoota pamoja na gome mpaka usijue kinaanzia wapi. Kila asubuhi mwenye mti huweka mkono wake pale. Mti unasoma jasho lake na mapigo ya moyo wake, unajua damu imeamkaje, na tunda linaongeza dawa au linapunguza. Ukichelewa, kiganja huanza kupiga mapigo yaleyale uliyokiachia jana, polepole, kukuita. Watoto wa Ilundamba walikua wakidhani miti yote duniani ina moyo.

Na mwenyewe akifa, mti huendelea kumwita. Huita mpaka nguvu zake ziishe, kisha hukauka, ili asije mtu akala dawa isiyo yake. Isipokuwa ukipukutwa. Ukipukutwa unalala, na ukilala unasahau. Ukiamka na maua, utampokea yeyote atakayetangulia kuweka mkono. Hilo nalo mama shamba aliwaambia, lakini siku ile walikuwa wanacheka.

*

Jumatatu Damari alipika uji wa ulezi, akautia kwenye sufuria ndogo yenye mfuniko, akavuka kwenda kwa jirani. Maneno alikuwa ameyapanga njiani, mafupi, ya heshima, yasiyomkumbusha mtu msiba ambao hajausahau.

Elikana alikuwa amesimama kwenye mtufaha. Majani yote yalikuwa bado juu, mazito, yameanza kuwa na madoa ya uzee. Mkono wake wa kulia alikuwa ameuvika kofia yake ya sufu na kuuweka juu ya kiganja cha mti, na macho ameyafumba kama mtu anayeombewa.

"Kamwene, Baba Hezroni."

"Kamwene, mama." Hakuondoa mkono.

Damari hakupata kuanza yale maneno yake, kwa kuwa mzee alianza ya kwake. Alisema mkewe alipokuwa hai yeye hakuwa na habari na mti huu. Ulikuwa mambo ya wanawake na damu zao. Matanga yalipoanuliwa, mwanawe Hezroni akarudi mjini, watu wakarudi makwao, naye akabaki na kuku. Asubuhi ya kwanza akatoka kuwafungulia hao kuku, akapita karibu na shina, akaukuta mti unaita.

"Anapiga," alisema. "Mama Hezroni anapiga. Njoo umsalimie mwenzako."

Damari alisita. Kiganja cha mtu hakishikwi. Hata watoto wanafundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kunawa. Lakini mzee alikuwa ameshasogea kumpisha, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Damari akakunja upindo wa kitenge chake juu ya vidole, ngozi isije ikagusa, akaweka.

Yalikuja mapigo mawili ya haraka. Kisha kimya, kirefu kidogo, kama mtu anayevuka mto akasimama katikati kutafuta jiwe la kukanyaga. Kisha pigo moja zito, limetua. Mawili ya haraka tena, kutafuta jiwe, moja zito.

Mapigo hayo Damari aliyajua. Aliyajua kuliko alivyoyajua ya kwake. Alikuwa ameyashika kwenye kifundo cha mkono miaka mingi, amepiga magoti sakafuni, anangoja macho ya mdogo wake yarudi kutoka yalikokwenda. Hayakuwa ya Yustina. Yalikuwa ya Tusekile.

Alimtazama Elikana. Mzee wa watu hakuwa na namna ya kujua. Nani hushika mshipa wa mke wake akiwa mzima?

"Umemsikia?"

"Nimesikia," Damari akasema, na mara akaona haya kwa jinsi neno hilo lilivyokuwa kweli.

Elikana alirudisha mkono wake pale pale. Alisema anajua watu wanavyomsema. Anajua pia kwamba mti utakauka, na kwamba mvua za kwanza pengine hazitaukuta na pumzi. Kisha akasema, kwa upole uleule:

"Najua ulichokuja kuniomba, mama. Ningekuwa na kitu kingine ningekupa. Ng'ombe ningekufungulia sasa hivi. Lakini mnaniomba nimnyamazishe kwa mkono wangu mwenyewe."

Damari aliiweka sufuria ya uji kwenye kizingiti, akarudi kwake na maneno yake yote aliyoyapanga.

*

Alimkuta Tusekile anamenya viazi, amekaa mbali na moto kama alivyozoeshwa. Akamuuliza, kwa kuzunguka, siku za msiba ni nani aliyekuwa anautunza mti wa marehemu.

"Mimi," Tusekile alisema. "Mlinipa kazi gani nyingine? Moto hamnipi, kisu kikubwa hamnipi, maiti hamnipi. Nikaona nichukue mti."

Ni desturi ya pale. Nyumba ikifiwa, majirani hugawana kazi zote za marehemu bila kuulizana: huyu achote maji, yule awape kuku, mwingine afagie. Mfiwa hashiki kitu. Na kiganja cha mti lazima kifutwe kila siku kwa kitambaa kibichi, kisishikwe na ukungu. Lakini ipo desturi nyingine pale, ya kale kuliko kitalu, kwamba kwenye uwanja wa msiba kitambaa hakikamuliwi mpaka matanga yaanuliwe, kwa sababu anayekamua anawakamua machozi waliobaki. Tusekile alikuwa mtu wa kuheshimu mambo. Aliufuta mti kwa mkono mtupu, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka matanga yalipokwisha.

"Kwani nimekosea?" akauliza. "Mlitaka niufute kwa ulimi?"

Damari akamwambia hapana, hajakosea kitu. Alitoka nje, akampigia simu mama shamba, akamuuliza kama mtu anayeuliza habari za watu wengine. Mama shamba alimweleza kwamba mti hauna macho. Mkono wa mwenyewe ukikosekana, na mkono mwingine ukaja pale pale, saa zile zile, siku kadhaa mfululizo, kiganja kitauchukua huo kuwa ndio mwenyewe amerudi. Kitajifunza jasho lake. Hata dawa ndani ya matumba ya maua yajayo kitaanza kuigeuza imfae huyo. Lakini huyo naye akiacha kuja, mti utamwita kama ulivyomwita wa kwanza, utakauka kama ambavyo ungekauka kwa wa kwanza, na kupukutwa ndiko tu kutakakouokoa. Akamuuliza Damari kwa nini anauliza. Damari akasema anauliza tu.

Basi akabaki na jambo lake. Alichotakiwa kufanya kilikuwa sentensi moja: Baba Hezroni, huyo si mkeo. Angeisema, mzee asingekuwa tena na cha kulinda, majani yangeshuka Jumamosi, miti miwili ingelala pamoja na kuamka pamoja, nyuki wangefanya kazi yao, na Tusekile angepata mwaka. Na ilikuwa kweli tupu. Hicho ndicho kilichomtisha. Ukweli ukiwa na faida kwako, Damari alikuwa ameona maishani mwake, lazima uukague mara mbili kabla hujautoa nje, kama mtu anayekagua mchele aliopewa bure. Kumwondolea mtu mkewe mara ya pili, ili nyumba yako ipate tunda, hiyo ni kazi ya mkono wa namna gani? Halafu ilikuwapo na aibu yake: mwanamume aliyefiwa, kila asubuhi ameshika mapigo ya mwanamke aliye hai wa nyumba ya pili. Kijiji kingelitafuna hilo mpaka mavuno.

Aliomba. Aliomba amekaa, kwa sababu magoti siku hizo yalikuwa yanamsema. Hakusikia jibu, na asiposikia jibu alikuwa na tabia ya kufanya lile linalomuumiza yeye kwanza, akiamini kwamba mara nyingi Mungu yuko upande huo. Akaamua kunyamaza. Vipande vikavu vya msimu uliopita vilikuwa vimo kwenye mtungi. Angevitumia kwa kubana. Angevikata vyembamba, Bwana angeongeza palipopungua.

*

Jumanne Tusekile alikula fungu lake la asubuhi, akaenda kumenya viazi. Jumatano aliinua kipande kimoja kuelekea dirishani, akafumba jicho moja.

"Dada, siku hizi hawa jamaa nawaona mpaka upande wa pili."

Damari akamwambia kisu kimenolewa. Tusekile akasema basi kisu hicho kimeokoka, kina huruma kuliko cha kwanza. Wakacheka, na Damari akaenda kuangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote.

Alhamisi walikuwa jikoni wote wawili. Damari alikuwa anasonga ugali, akatoka mara moja kuchukua chumvi chumba cha pili, na Tusekile, kwa kuona ugali unashika chini, akainuka akashika mwiko. Damari aliporudi aliona mwiko umesimama. Mkono umeushika, lakini haukuwa unakwenda, na macho ya Tusekile yalikuwa yametazama ukutani, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Damari hakupiga kelele. Alifika kwa hatua alizokuwa amezifanya mara nyingi, akamkumbatia kiunoni kwa nyuma, akamvuta, wakakaa chini pamoja kwa uzito wote, mwiko ukaangukia majivuni. Anguko lile kubwa halikuja. Ulikuwa upepo tu wa lile kubwa, umepita mlangoni. Damari alishika kifundo cha mkono wa mdogo wake akangoja. Mawili ya haraka, jiwe, moja zito.

Macho yaliporudi, Tusekile aliutazama kwanza mwiko, kisha moto, kisha ule mkono uliomshika.

"Umepunguza," alisema.

Damari akamweleza yote, tangu uji mpaka simu. Alieleza akiwa bado amemshika, wamekaa pale sakafuni, ugali unaungua juu yao.

Tusekile kwanza alicheka. Alisema kumbe siku zote hizi anasalimiwa na Chaula asubuhi na mapema, na yeye hata nywele hajachana. Kisha kicheko kikaisha chenyewe, akautoa mkono wake kwenye mkono wa dada yake.

"Mapigo ni yangu. Moto nitakaouangukia ni wangu. Na wewe umekaa ukanichagulia peke yako, kama mtu anayechagua miche."

"Ningemwambiaje, Tuse? Ni sawa na kumzika tena."

"Mama Hezroni hayuko pale, dada. Ungekuwa unamnyang'anya kama angekuwepo." Alijifuta majivu kwenye goti, bila haraka. "Yule mzee anamsalimia mtu kila siku, na huyo mtu ni mimi. Nina haki ya kuitika."

Damari aliinuka akauondoa ugali motoni. Ulikuwa umeungua upande mmoja. Wakala upande wa pili.

*

Jumamosi Ilundamba ilianza mapema. Kupukuta hakuna kishindo. Ukiwa mbali unasikia kama mvua ndogo inayosita, na katikati yake watu wanaitana kutoka ua hadi ua, wanataniana nani ameanza na nani bado analala kama mti wake. Damari alikuwa hajaanza. Tenga la majani lilikuwa limening'inia kwenye msumari wake karibu na mlango, naye alikuwa anazungukazunguka na vitu vidogovidogo, akijua kwamba kuulaza mti wake peke yake ni kama kumtandikia bibi harusi ambaye bwana amekataa kuja.

Hodi ilipigwa. Alikuwa Elikana, ameleta sufuria. Chombo hakirudi kitupu, kwa hiyo ndani yake alikuwa ameweka mayai, ameyafunika kwa majani makavu ya mgomba yasigongane. Wakamkaribisha, wakampa kigoda, wakaulizana habari za usiku na za kuku. Alisema amekuja mapema kwa sababu huko kwake sauti za watu wakipukuta zinafika zote, na hakuwa na mahali pa kuziweka.

Tusekile aliacha viazi. Alijifuta mikono kwenye kanga, akavuta kigoda chake mpaka mbele ya mzee, akakaa, akaupeleka mkono wake wa kushoto, ule wenye kovu, juu ya goti la Elikana, kiganja juu.

"Kaka, nishike hapa."

Elikana alimtazama Damari kama mtu anayeomba ruhusa. Mzee akaweka vidole vyake kwenye kifundo kile, kwa uangalifu uleule aliokuwa ameyawekea yale mayai.

Mwanzoni uso wake ulikuwa wa adabu tu, uso wa mgeni aliyeshikishwa mtoto asiye wake. Huko nje mvua ya majani ilikuwa inaendelea. Kisha Damari aliona kidole gumba cha mzee kinainuka. Kiliinuka chenyewe, kikakaa hewani, kikangoja. Na pigo zito lilipokuja, kilikuwa kimeshashuka kulipokea. Kilikuwa kimejifunza mahali jiwe lilipo. Kikainuka tena, kikashuka tena.

"Niliufuta mti wako siku za msiba," Tusekile alisema. "Kwa mkono mtupu, kwa sababu kitambaa kisingekamuliwa pale. Sikujua, na wewe hukujua. Ulikuwa unanisalimia mimi, kila asubuhi, nami sijaitika hata mara moja." Alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilipoteza mzaha wote. "Naitika leo. Kamwene, kaka."

Elikana hakuuachia mkono. Aliuliza bila kuinua kichwa:

"Na wewe ulijua, Mama Lutengano. Ile siku ya uji."

"Nilijua."

"Ukasema umesikia."

"Nilikuwa nimesikia." Damari alishika ukingo wa meza. Alikuwa na mengi ya kujitetea, na yote aliyaacha yapite. "Mama Hezroni aliniuliza siku moja, tukiwa tunapukuta. Akasema akitangulia yeye, mti wake utakuwa dawa ya nani. Nilimwambia asimwite mgeni ambaye hajapiga hodi. Sikumjibu mpaka ameondoka."

Mzee alilisikiliza hilo mpaka mwisho wake. Kisha akauinua mkono wa Tusekile, akaurudisha kwenye mapaja ya mwenyewe, taratibu, kama anayelaza kitu ambacho hataki kiamke. Akasimama. Akaivaa kofia yake ya sufu, akaivuta mpaka masikioni, akaenda mlangoni. Pale alisimama mbele ya msumari. Akalitungua lile tenga la majani, akakung'uta vumbi la mwaka mzima lililokuwamo, akalipachika begani, akatoka kuelekea kwenye mtufaha wake.